Namba Zilizopita Kidirishani

Saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Jumanne, sauti ya mwanaume iliingia kupitia kidirisha cha upande wa uani ikauliza neno moja: "Tatu?" Mama Béa alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, mimi nikikata karatasi za majibu ya maabara kwa mkasi. Mwenye sauti alikuwa Papa Kasongo, kiongozi wa kikundi cha wachimbaji wa Kamatanda, aliyekuwa amepokea karatasi yake dakika ile ile. Tulizoea wauzaji kulalamika, kwa hiyo hatukuinua vichwa. Lakini yeye hakupaza sauti. Aliongea taratibu, kama mtu anayetaka kila aliye uani asikie. "Minye nachimba tangu miaka makumi mbili. Ile majiwe njo tatu? Humu ndani muliuzisha chiffre yangu." Alikuwa akisema kwamba tumeiuza namba yake. Halafu akauliza ile herufi iliyo chini ya karatasi ni ya nani. Mtu wa uani akamjibu kwamba B ni Mama Béa, ule anayeimbisha kanisani. Niliona mikono ya Mama Béa ikiondoka kwenye vibonyezo na kulala juu ya mapaja yake.

Mama Béa alizikwa mwezi uliopita. Kwenye matanga nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, nikasikiliza watu wakimsimulia: kwaya aliyoiongoza, sombe yake ya majani ya muhogo, ukali wake kwa wanaochelewa mazoezi. Hakuna aliyetaja chumba kile. Wengi wa waliokuwa pale hawakujua kwamba aliwahi kukaa miaka nyuma ya mlango usio na kitasa kwa ndani, na mimi sikuona sababu ya kuwaeleza watu waliokuja kulia. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba sasa, katika wale tuliofungiwa humo, nimebaki mimi tu wa kuusimulia mwaka ule.

Ilikuwa maabara ndogo ya mtu binafsi, hapa hapa Likasi. Muuzaji alileta mfuko wa mawe, maabara ikapima ndani yake mna shaba asilimia ngapi, na kwa jibu hilo mnunuzi alipanga bei. Kwa sababu kila mtu alijua kwamba jibu linaweza kununuliwa, mwenye maabara, ambaye sote tulimwita Patron, aliweka desturi yake. Upande wa asidi, ambako mawe yaliyeyushwa, walishika chupa bila kujua mawe ni ya nani. Sisi wa chumba cha kompyuta tulijua ni ya nani, lakini hatukuona chupa. Kati yetu kulikuwa na ukuta wenye kidirisha, na namba zilipita hapo kwa sauti: mmoja wao aliita, mmoja wetu aliandika. Kidirisha cha pili kilitazama uani, kifupi na kipana, muuzaji aone mikono yetu tu. Asubuhi mlinzi alichukua simu zetu na kufunga mlango kwa nje, jioni aliufungua. Saa sita chakula kiliingia kwa kidirisha cha uani: bukari ya unga wa mahindi iliyofunikwa na sahani nyingine, mboga ya lengalenga, na siku za bahati samaki wa ziwa Tshangalele, wa chumvi, ambaye harufu yake ilibaki nasi hadi saa kumi na moja kwa kuwa haikuwa na pa kutokea. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Mwanzoni niliona ni utulivu. Mwezi wa tatu nikaanza kuota mlango ule, na katika ndoto pia haukuwa na kitasa.

Nilivumilia kwa kusoma. Nilikuwa nimechapisha kwenye cyber kurasa za Kifaransa kuhusu Python, lugha ambayo programu ya maabara iliandikwa, na kila palipokuwa na nafasi kati ya mfuko na mfuko nilisoma. Sikuwa na mwalimu. Njia yangu ilikuwa moja: kutoivuka sentensi mpaka nimeijaribu kwenye kompyuta. Programu yenyewe iliachwa na mtaalamu wa Lubumbashi ambaye hatukumwona tena. Moyo wake ulikuwa fonksheni moja, yaani kipande cha programu kinachopewa namba na kurudisha jibu. Yetu ilipewa namba nne kwa mpangilio: uzito wa unga wa jiwe, ujazo wa chupa, mchanganyiko umezimuliwa kwa maji mara ngapi (usiozimuliwa huandikwa moja), na kile ambacho kifaa kimesoma. Wanunuzi walikuwa wameitia sahihi hesabu ile, na Patron alikuwa ametukataza kugusa hata herufi moja ndani yake. Siku nyingi nilifikiri kwamba fonksheni ile ilikuwa mtu wa tatu mle chumbani. Imefungiwa, haioni chupa, haimjui anayeita, na inaamini chochote kinachopita kidirishani.

Baada ya Papa Kasongo kuondoka, Patron aliingia. Alikuwa mkemia, mtu mwembamba wa maneno machache, na sikuwahi kumwona akimtukana mtu. Alisema kwamba kwa miezi mitatu malalamiko yamekuwa yakimfikia: mawe mazuri yanapewa namba ndogo, mawe mabovu yanapewa kubwa. Kwamba karatasi zote zilizolalamikiwa zina herufi B, na hakuna hata moja yenye J, ambayo ni yangu. Mimi niliandika asubuhi, Mama Béa mchana. Kwamba chupa ya ushahidi, ile ambayo jibu lake linajulikana na hupimwa kila mchana ili kuihakiki mashine, imekuwa ikitoa jibu sahihi siku zote, kwa hiyo mashine haina kosa. Kwamba Papa Kasongo atarudi Ijumaa na watu wake, na yeye amemwahidi kwamba siku hiyo mwizi atakabidhiwa polisi. Mpaka hapo Mama Béa atakuja kazini kama kawaida, atakaa chumbani bila kugusa kitu, na mlinzi atampeleka nyumbani na kumrudisha. Mama Béa alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kama wale wa asidi nao watafungiwa. Patron akajibu kwamba wale hawajui mawe ni ya nani, wangemwibia nani?

Desturi yenyewe iliwatoa wao na kutubakiza sisi.

Jumatano asubuhi niliandika namba kama siku zote. Yeye alikaa kwenye kona, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja zamu hospitalini. Alizungumza kuhusu kwaya. Wiki ile ya nyuma, alisema, wamama wawili wa sauti ya kwanza walihama benchi lake. Walijifanya wanafuata hewa ya dirisha. Sikujua kwamba maneno yalikuwa yamekwisha kufika huko. "Polisi banaweza kunishika, bananiachia," akaniambia. "Lakini kama namba yangu ya bongo, ile haiko ya kweli, inaingia mu kanisa, haitatoka tena. Jean, weye unaonaka kila kintu. Uliniona naiba?" Nilimjibu hapana. Ilikuwa kweli, na haikuwa na faida yoyote: nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwake kwa miezi kumi, na shahidi aliyefungiwa pamoja na mshtakiwa hahesabiwi kuwa shahidi.

Saa saba timu ya asubuhi iliondoka upande wa asidi, ikaingia ya mchana. Aliyeita namba mchana aliitwa Trésor, kijana mcheshi aliyekuja na wenzake miezi mitatu kabla kutoka kiwanda kingine. Aligonga kidirisha akatania kwamba mama asiogope, ku Buluo banapikaka muzuri kuliko hapa, bukari inakuyaka na nyama. Kila mtu Likasi akisema Buluo anamaanisha gereza. Mama Béa alimwambia, bila kugeuka, kwamba akifika atamwandalia sahani. Trésor akacheka, kisha akaanza kuita, na kwa mara ya kwanza vidole vilivyoandika namba zake vilikuwa vyangu. Mbili. Mia mbili na hamsini. Moja nukta sufuri sufuri nne. Halafu usomaji wa kifaa. Niliandika mifuko sita hivyo. Kwenye wa saba mkono wangu ulisimama wenyewe juu ya vibonyezo. Namba ya tatu ilikuwa tena na sufuri mbili katikati, na asubuhi namba zenye sufuri katikati huwa za kwanza.

Niliitazama. Mizani ya maabara haisemi mbili. Inasema mbili nukta sufuri sufuri saba, au moja nukta sufuri sufuri nne, kwa sababu hakuna mkono unaoweza kumwaga unga ukasimama juu ya gramu kamili. Lakini kuzimua ni kazi ya kuhesabu: mara moja, mara mbili, mara tano, mara kumi. Hakuna mtu aliyewahi kuzimua chupa mara moja nukta sufuri sufuri nne. Trésor alikuwa akitaja kuzimua kwanza na uzito baadaye, na fonksheni ilikuwa ikipokea kimoja mahali pa kingine bila kuuliza. Nilichukua karatasi nikahesabu kwa kalamu. Gramu moja iliyozimuliwa mara mbili: ukibadilisha nafasi, jibu linagawanyika kwa nne. Kumi na mbili ya Papa Kasongo inakuwa tatu. Gramu mbili ambazo hazikuzimuliwa: jibu linazidishwa kwa nne, na jiwe bovu la asilimia nne linakuwa kumi na sita. Na pale uzito na kuzimua vinapolingana, jibu linatoka sawa. Chupa ya ushahidi ilikuwa gramu moja, haikuzimuliwa kamwe. Ndiyo maana ilipita kila siku.

Nilimwonyesha Mama Béa. Aliisoma hesabu ile mara mbili, kidole kikifuata mistari, halafu akataka nimwite Patron papo hapo. Nilimwambia angoje. Nikimwambia Patron kwa mdomo, atamwita Trésor, na Trésor, kwa hofu, atasema kwamba daima ameita uzito kwanza; kuanzia saa hiyo ataita hivyo, na hatutabaki na kitu cha kuonyesha. Ilibidi mashine ikatae yenyewe, Patron akiwa amesimama hapo, na Trésor akiita kama alivyozoea. Na ilibidi nifanye hivyo bila kugusa herufi moja ya hesabu iliyotiwa sahihi.

Katika kurasa zangu kulikuwa na sura niliyoirudia mara nyingi bila kuielewa. Ilihusu kitu kinachoitwa dekoreta. Ilisema kwamba unaweza kuandika fonksheni ya pili inayoipokea ya kwanza na kuifunga ndani yake. Kwamba juu ya ile ya kwanza unaandika alama ya @ na jina la ile ya pili. Na kwamba tangu hapo kila anayeita ya kwanza anakutana na ya pili kwanza. Ya ndani haibadiliki, wala haijui kwamba imezungukwa. Nilikuwa nimeichukulia kama mchezo wa watu wenye muda. Jumatano ile nilielewa inafaa nini. Dekoreta ingepokea namba nne kabla ya hesabu na kuziuliza: wewe wa tatu, ni namba kamili? Wewe wa kwanza, una desimali? Jibu likiwa hapana, hesabu isifanyike kabisa, na kwenye skrini itokee sababu. Mizani ingeweza siku moja, kwa bahati, kutoa gramu moja kamili. Basi wangepima tena, hasara ni dakika tano. Na kwa kuwa tulikuwa na fonksheni nyingine za kobalti na za zinki, ulinzi ule ule ungewekwa juu ya kila moja kwa mstari mmoja.

Mama Béa aliuliza ninachoandika kinaitwaje. Nilimwambia. "Décorateur? Ule wa kupamba salle ya mariage?" Nikamweleza kwamba ni karibu hivyo, inawekwa juu ya kitu bila kukibadilisha. Alifikiri kidogo. "Basi pamba, mwanangu. Lakini kitambaa yako ikuwe na meno."

Nilifanya kazi ile Jumatano alasiri na Alhamisi asubuhi, kati ya mfuko na mfuko. Nilikosea mambo mawili ya kijinga, la pili likinichukua saa nzima: dekoreta ilikagua vizuri, lakini nilisahau kuifanya irudishe jibu la hesabu, kwa hiyo kila kitu sahihi kiliingia na hakuna kilichotoka. Mama Béa alisema sasa mashine imekuwa kama sisi. Tulicheka mpaka mlinzi akagonga mlango kuuliza kuna nini. Nadhani hicho ndicho kicheko pekee ninachokikumbuka cha chumba kile.

Alhamisi mchana niliomba Patron aje. Nilimwambia tu kwamba ningependa asikilize mifuko mitano ikipita. Alisimama nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni. Trésor akaita mfuko wa kwanza. Nikaandika jinsi alivyoita, nikabonyeza. Badala ya asilimia, skrini ilitoa mstari mmoja: kuzimua si namba kamili, nimepewa 1.004. Nikamwomba Trésor arudie. Akarudia, namba zile zile, mpangilio ule ule, mashine ikakataa tena. Akauliza kwa utani kama leo mashine inamkataa yeye binafsi. Patron aliinama kwenye kidirisha akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile namba ya tatu ni nini.

"Ni uzito, Patron. Siye tunaanzaka na dilution, juu chupa yenye banaongeza maji tunaifungaka kitambaa ku shingo. Njo kintu ya kwanza unaona. Ku kiwanda kile tulikuwa tunaita vile."

Patron hakuhitaji karatasi yangu. Alifunga macho, nikaona midomo yake ikihesabu, na alipoyafungua alikuwa amekwisha kufika mahali ambapo mimi sikuwa nimefikiria kufika. Alijua vizuri kuliko mimi ni wauzaji wangapi wa miezi mitatu wangesimama uani wakidai wapimiwe upya. Alimgeukia Mama Béa akamwambia kwamba hana kosa, kwamba anaomba radhi, na kwamba hakuna polisi. Mawe ya Papa Kasongo yatapimwa tena na atalipwa kwa namba mpya. Mama Béa alimshukuru. Halafu akasema kwamba kesho, Papa Kasongo akija, Patron amwambie hivyo hivyo mbele ya watu.

Patron alivuta pumzi. Alieleza kwa subira, na sikuweza kuona kosa katika hesabu yake, ila kwamba ndani yake kulikuwa na mtu. Akisema mpangilio wa namba ulipinduka, atakuwa amesema kwamba kila jibu la mchana kwa miezi mitatu ni la mashaka, na maabara itafungwa. Lakini wauzaji wanaamini kwamba palikuwa na mkono mmoja mbaya na kwamba umeondolewa. Waachwe waamini. Mama Béa atabaki na kazi yake, mshahara utapanda, atabadilishiwa herufi chini ya karatasi. "Nani anaona mwenye kukaa humu ndani?" aliuliza.

"Ku kanisa bananiona, Patron," Mama Béa akasema.

Patron alijibu kwamba kanisa litasahau. Kisha akanitazama mimi, akanikumbusha kwamba mkataba unatukataza kusema chochote kwa muuzaji, na kwamba kazi niliyoifanya ni nzuri sana. Mlango ulifungwa kwa nje kama kawaida. Nilidhani Mama Béa atalia. Alitoa kitambaa akapangusa meza, upande wake na upande wangu. Alisema ana watoto wanne, na kwamba hata mimi nikimwambia akatae, yeye hatakataa.

Ijumaa saa nne Papa Kasongo alikuja na watu wapatao kumi. Kupitia kidirisha niliona mikanda yao na mikono yao, kucha zenye vumbi la kijani. Patron alikuwa nje nao. Nilimsikia akimweleza kwamba mawe yamepimwa upya, namba ni kumi na mbili na kidogo, atalipwa yote. Papa Kasongo aliuliza kuhusu yule mama. Patron akajibu kwamba jambo hilo limeshughulikiwa, hatamsikia tena. Kulikuwa na sauti za kuridhika. Mmoja akasema alijua tangu mwanzo, wenye kuimba sana njo bezi. Mama Béa alikuwa ameketi hatua moja kutoka kidirishani, akiangalia mbele, na hakuna aliye nje aliyejua kwamba yuko pale.

Niliinama, nikaweka uso wangu kwenye uwazi ule uliokusudiwa mikono tu. "Papa Kasongo," nikasema, "Mama Béa haikuiba. Eko hapa, pembeni yangu. Kule ku asidi balikuwa banaita namba kwa mupango ingine, machine ikapindua hesabu. Njo ile tu. Muulize Patron mbele ya bote kama ninasema bongo."

Papa Kasongo alipiga magoti kwenye vumbi ili kichwa chake kifike usawa wa kidirisha, akatazama ndani, akamwona. Hakumuuliza Patron chochote. Alikuwa amekwisha kumtazama usoni kabla ya kupiga magoti. "Mama," akasema, "nilitapanya jina yako ku Kamatanda na ku Kikula. Nitairudisha kwenye niliitapanya." Na alifanya hivyo. Jumapili, aliniambia Mama Béa baadaye, alisimama nje ya kanisa baada ya misa, mwanaume ambaye hakuwa hata wa parokia ile, akazungumza na wamama mmoja mmoja.

Mlinzi alinifungulia mlango kabla ya saa sita. Patron hakunikaripia. Aliniambia tu kwamba nimemaliza, akanikumbusha kifungu cha akiba: kila mwezi maabara ilizuia sehemu ya mshahara wetu mpaka mwaka ukamilike, na anayeondoka kabla, kwa hiari au kwa kosa, huiacha. Mwaka wangu ulikuwa umebakiza mwezi mmoja na siku chache. Dekoreta ilibaki juu ya hesabu yake. Niliambiwa hakuna aliyeiondoa. Mama Béa alibaki pia, kwa miaka miwili zaidi, kwa herufi yake mwenyewe. Nilitembea hadi barabarani nikiwa na kurasa zangu kwenye mfuko wa plastiki, jua likiwa juu kabisa, na kwa dakika kadhaa sikujua nielekee wapi, kwa kuwa tangu mwaka uanze sikuwahi kuwa nje saa ile siku ya kazi. Miezi kumi, dola arobaini na nne kila mwezi: nilipoteza dola mia nne na arobaini.